Dar–Mwanza kwa ndege: kilomita 850, na muda unaoutumia kweli

Kazi yangu inanipeleka Mwanza mara kwa mara, na ndugu na jamaa huniuliza safari ni ya muda gani. Wengi wameshaangalia kikokotoo cha umbali mtandaoni: kilomita 850 hivi, saa moja na dakika zake. Kilomita hizo ni za kweli. Kwa barabara unapita 1,100, maana lami inazunguka Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Shinyanga, wakati ndege inakata moja kwa moja kuelekea kaskazini magharibi.

Cha kwanza angalia aina ya ndege. Pangaboi, yaani ndege ya mapanga yanayozunguka, zile zenye kasi hukimbia karibu kilomita 650 kwa saa, jeti hupita 800. Kwa umbali huu tofauti ni kama robo saa, basi. Mimi silipi zaidi kwa ajili ya robo saa, na pangaboi nampenda: anaruka chini kidogo, na kukiwa hakuna mawingu unaiona nchi vizuri.

Kinachokula muda ni kutua njiani. Baadhi ya ndege za Mwanza hupitia Kilimanjaro. Ukipima kwenye ramani, mzunguko huo unaongeza kilomita kama 70 tu, kitu kidogo sana. Lakini ndege itashuka, itaegesha, abiria watateremka, wengine watapanda, mizigo itapakiwa, ndipo iruke tena. Hapo saa nzima imekwenda. Kikokotoo hakikuambii hilo, kwa hiyo kabla ya kulipa soma kwenye tiketi kama safari ni ya moja kwa moja.

Halafu kuna nchi kavu. Saa moja na nusu ya kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kwenye maegesho ya Dar mpaka inaposimama Mwanza. Nikikaa Tegeta, kwa ndege ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi natoka nyumbani saa kumi alfajiri. Saa mbili tumeshasimama Mwanza. Nasubiri begi, kisha gari, kwani uwanja uko Ilemela, kaskazini ya mji, na shughuli zangu ziko Nyegezi, upande wa kusini kabisa. Nafika saa tatu na nusu. Yaani saa tano na nusu, na angani sijakaa hata theluthi yake.

Bado safari ya ndege naipa nyota nne kati ya tano, kwani basi ni kutwa nzima na kipande cha usiku. Ukiwa na kikao Mwanza saa nne asubuhi, panda ndege ya kwanza ya alfajiri. Ukibeba begi la mkononi tu, unaokoa dakika nyingi kuliko jeti inavyoweza kukupa.