Bunduki ya gundi ya wati 20 kwenye maua ya kitambaa: uzoefu wangu wa mwaka mzima

Natengeneza maua ya kitambaa hapa Dar: ya vibanio vya nywele, ya kuweka begani kwenye gauni za sendoff, na makubwa ya kufungia mapazia. Bunduki hii ndogo, inayotumia vijiti vya gundi vya milimita 7, niliinunua Kariakoo kwa shilingi 9,000. Kabla ya hapo nilishona kila kitu kwa mkono, na oda ya vibanio 30 ilinikesha mpaka saa nane za usiku.

Kwa satini, sina la kuilaumu. Waridi langu ni maduara manane: mawili ya sentimita 7, mawili ya 6, mawili ya 5 na mawili ya 4. Kila duara nalikata kwa mkasi sehemu tano kuelekea katikati bila kufika, kisha ukingo naupitisha pembeni mwa moto wa mshumaa. Satini nyingi ya madukani ni poliesta, kwa hiyo ukingo unayeyuka, unajikunja wenyewe kama jani la waridi halisi, na nyuzi hazichomoki tena. Hapa pana kazi ya mkono mtulivu. Ukiupeleka kwenye ncha ya njano unapata masizi, na kwenye satini nyeupe doa lile halitoki hata ufanyeje. Mimi nashikilia chini, karibu na pale moto ulipo wa buluu.

Maduara yakishapoa, tone moja la gundi katikati ya kila moja linatosha. Likizidi linapenya na kuonekana upande wa pili kama tone la mafuta. Zile nyuzi za gundi zinazobaki kama utando wa buibui, ziache zipoe kwanza ndipo uzichomoe.

Kilichonikwamisha ni joto la nje. Februari mteja alinipigia: "Dada, maua yako yamebanduka yote." Aliviacha vibanio kwenye dashibodi ya gari mchana, vioo vimefungwa. Gundi hii inayeyushwa kwa joto, basi jua likizidi inalainika tena. Nilimtengenezea vingine bure, na siku hizo mbili nilijisikia vibaya sana, maana alikuwa ameviandaa kwa ajili ya wasimamizi wa harusi ya mdogo wake. Tangu hapo kila ua la kibanio nalipitishia sindano kwanza, mishono minne kwenye kipande cha felti, gundi inafuata juu yake.

Kitenge nacho kina mambo yake. Cha pamba hakijikunji kwa moto, kinaungua tu na kuwa majivu. Kabla sijakata nachomoa uzi mmoja na kuuchoma: pamba inanuka karatasi iliyoungua, poliesta inaacha kishanga kigumu. Kuna duka niliambiwa "pamba tupu hii, mama", nikafika nyumbani uzi ukaacha kishanga! Cha pamba nakipiga wanga wa muhogo, kama mama alivyokuwa akipiga kanzu za baba kila Alhamisi, kisha nakipiga pasi kikiwa na unyevu. Hapo duara la sentimita 8 ukilikunja mara mbili linasimama lenyewe. Matano nayatunga kwenye uzi mmoja, navuta, nafunga, na kifungo kilichovikwa kitambaa kinakaa katikati. Ua hili halihitaji gundi kabisa isipokuwa kwenye kifungo.

Bunduki yenyewe bado nzima. Inachukua kama dakika tano kupata moto, waya wake ni mfupi mno, na mdomo unavuja ukiiacha imechomekwa; kigae cha sakafu kilichobaki wakati wa ujenzi ndicho ninachoiwekea chini. Nyota nne.