/compat ya FreeBSD: chumba kizuri cha wageni, mlango haufungi

Fundi wa Nairobi anayeweka FreeBSD, mfumo endeshi wa familia ya Unix, kwenye mashine ya ex-UK iliyonunuliwa Luthuli Avenue hachelewi kukutana na tatizo hili: programu ya ofisi imetolewa kwa Linux pekee, msimbo wake (source code) haupatikani, na mwenye ofisi anaitaka leo. Kerneli ya FreeBSD, yaani kiini cha mfumo, inaweza kuiendesha bila mashine pepe, kwa sababu inaelewa miito (system calls) ambayo programu za Linux huitumia kuomba huduma za kerneli. Kinachobaki ni maktaba, faili za msimbo ambazo programu nyingi hushiriki. glibc, maktaba ya msingi ya Linux, na wenzake wakae wapi? FreeBSD inasema /compat/linux, na jibu hilo ndilo tunalolipima hapa.

Kuanza ni amri tatu: sysrc linux_enable="YES", kisha service linux start, kisha pkg install linux_base-rl9. Ya pili inapakia moduli za kerneli na kupachika linprocfs na linsysfs (folda za taarifa za mfumo ambazo programu za Linux huzitarajia) ndani ya /compat/linux. Ya tatu inaleta maktaba za Rocky Linux 9. Mwenye linux_base-c7 aiondoe, kwani CentOS 7 iliacha kupata marekebisho tarehe 30 Juni 2024. Ukiona ELF binary type "3" not known, usiisumbue programu. Ni moduli haijapakiwa.

Uzuri wa mpangilio huu uko kwenye utafutaji wa njia. Programu ya Linux ikiomba /lib64/libc.so.6, kerneli hutazama kwanza /compat/linux/lib64/libc.so.6, na isipoipata ndipo hugeukia mzizi halisi wa diski. Programu yenyewe inadhani iko kwao. Maktaba mbili zenye jina moja hazigombanii folda, na siku ya kufukuza kila kitu hakuna kuokota faili moja moja ndani ya /usr/lib. NetBSD inafanya karibu vivyo hivyo kwa /emul/linux. OpenBSD ilichoka na wageni, ikaiondoa huduma hii kwenye toleo la 6.0 mwaka 2016. Debian huweka maktaba za biti 32 ndani ya /usr/lib/i386-linux-gnu, na kwake inafaa, maana mgeni na mwenyeji wote ni Linux na wanasimamiwa na apt ile ile. Windows ndiyo kichekesho: za biti 64 ziko System32, za biti 32 ziko SysWOW64.

Kasoro ya FreeBSD imo ndani ya uzuri huo huo. Kule kugeukia mzizi halisi kunasaidia programu kuona /home bila kazi ya ziada, lakini pia kunairuhusu kuokota maktaba isiyo yake. Mara nyingi chanzo ni LD_LIBRARY_PATH, kigezo kinachoiambia programu itafute maktaba wapi, ikitaja /usr/local/lib. Huko kuna libX11.so.6 ya FreeBSD, jina lile lile na ya Linux, na programu inaanguka ikilalamika "ELF file OS ABI invalid". Dawa: futa LD_LIBRARY_PATH, kisha usakinishe pakiti inayokosekana, zinaanza na linux-rl9-, na pkg search itakuonyesha. Kunakili faili kwa mkono ndani ya /compat/linux ni kujitafutia balaa, kwa kuwa pkg haitazijua.

Anayetaka mlango ufungwe kabisa aweke Ubuntu ndani ya /compat/ubuntu kwa debootstrap, zana inayopakua mfumo wa msingi wa Ubuntu ndani ya folda, kisha aingie kwa chroot, amri inayoifanya folda hiyo kuwa mzizi wa programu. Hapo hakuna kugeukia mzizi wowote. Gharama yake ni kwamba /home na /tmp za mwenyeji hazionekani tena mpaka uzipachike kwa nullfs, inayoonyesha folda moja mahali pengine, na bila /tmp programu nyingi za dirisha hazifiki kwenye soketi ya X, mfumo unaochora madirisha. Kwa kuwa bando zetu za intaneti ni za kuhesabu, usirudie upakuaji kwa kila mashine: debootstrap ina --make-tarball, na kwenye mashine nyingine unatumia --unpack-tarball ukitaja njia kamili ya faili.

Ukiendesha programu za folda hiyo bila chroot, jihadhari na viungo (symlink). Katika Ubuntu 20.04, /lib64/ld-linux-x86-64.so.2 ni kiungo kinachoanza na mkwaju, hivyo kinaweza kusomwa kuanzia mzizi wa FreeBSD, ambako hakuna kitu. Kitengeneze upya kianze na ../lib badala ya /lib.

Sasa diski. Kwenye ZFS, mfumo wa faili unaogawa diski kwa daseti, wengi hukimbilia kuipa /compat yote daseti yake. Tunapinga. Rekodi za pkg ziko /var/db/pkg, na kwa mpangilio wa kawaida hurudi nyuma pamoja na mfumo ukitumia bectl, zana ya kurudisha mfumo kwenye hali ya awali. Daseti ya pembeni hairudi, kwa hiyo pkg itadai ina maktaba za jana huku diski ina za leo. Acha linux_base ilipo. /compat/ubuntu ndiyo inayostahili daseti, kwa kuwa pkg haihusiki nayo: zfs create -o mountpoint=/compat/ubuntu zroot/ubuntu, na snapshot (picha ya hali ya daseti) kabla ya kila apt upgrade. Kwenye UFS, mfumo wa faili wa zamani wa FreeBSD, yenye mzizi mdogo, hamishia /compat ndani ya /usr na uache kiungo mahali pake, kabla ya kusakinisha chochote.