Kivuko cha Ukara: Bugolora hadi Bwisya pamoja na mama

Kama una siku tano za mapumziko na umeshachoka kuambiwa lazima uende Zanzibar, panda basi uelekee kaskazini mpaka Ziwa Victoria. Nimerudi kutoka kisiwa cha Ukara wiki iliyopita na mama yangu, na nataka kuandika habari za kile kivuko wakati mlio wa lango lake ungali masikioni mwangu.

Mimi nauza pembejeo Majengo, hapa Dodoma. Mama ni mkulima wa Haubi, Kondoa, ana miaka 72. Amekulia kando ya ziwa dogo, ukisimama huku unaona ng'ombe wa ng'ambo wanakunywa. Tangu baba afariki amekuwa akiniomba: "Mwanangu, nipeleke nikayaone maji makubwa kabla macho hayajaisha." Nilikuwa nampiga tarehe, na sababu naijua. Septemba 20, 2018 nilikuwa dukani, redio iko wazi, tukasikia kivuko cha MV Nyerere kimepinduka kikiwa kimebakiza mita chache tu kufika gati ya Bwisya, Ukara. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio Bugolora, ng'ambo ya pili kwenye kisiwa cha Ukerewe, watu wanarudi kwao na mahindi, sukari, mabati. Chombo cha watu 101 kikaondoka na roho zaidi ya 220. Tangu siku ile nikisikia neno kivuko tumbo linakaza. Basi ninayoandika hapa ni ya mtu aliyekwenda na hofu yake, akamshika mama yake mkono njia nzima.

Ya njiani sitayasema mengi. Basi tulilopanda liliharibika tukakaa porini saa nne, na konda hakutuambia lolote. Mama alilala kwenye khanga kivulini. Kuanzia Singida anza kutazama nje. Yale mawe makubwa ya itale yaliyosimama juu ya mengine utakutana nayo tena Mwanza, yakiwa yameingia majini. Ni mwamba mmoja ule ule unaopita chini ya katikati ya nchi yetu hadi ziwani, una umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwanza tukalala, asubuhi tukachukua meli ya Nansio, na kutoka Nansio tukapanda bajaji kuvuka Ukerewe hadi Bugolora upande wa kaskazini. Vumbi lipo, vaa kitu cha kufunika nywele.

Bugolora ndipo unapotakiwa kuwa macho. Hatujateremsha hata mabegi, kijana mmoja akashika la mama, akasema kivuko leo hakiji, twende na mtumbwi wake wa injini. Nikachungulia ndani ya mtumbwi: magunia, mbuzi wawili, watu wanakaribia kumi na tano, na sikuona jaketi la kuokolea hata moja. Nikamwambia hapana. Mama mmoja muuza dagaa akaniita pembeni, akaninong'oneza, "Kaa hapa dada, kinakuja. Hao wanawahi wageni." Na kweli, hatukumaliza chai, tukakiona.

Kinachofanya kazi sasa ni MV Ukara II Hapa Kazi Tu, kilicholetwa baada ya ule msiba, chenye uwezo wa kubeba abiria 300 pamoja na magari. Macho yangu hayakuwa kwenye rangi wala viti. Nilitazama mambo matatu: wanahesabu watu? Majaketi yako wapi? Mizigo inakaa wapi? Siku tuliyopanda sisi, mhudumu alisimama langoni akipokea tiketi moja moja. Magunia yalipangwa katikati, si upande mmoja. Majaketi yalikuwa juu ya viti, mahali mkono unafika. Nikamwomba kijana wa kivuko amwoneshe mama namna ya kulivaa. Hakununa wala hakucheka. Alipiga goti, akamfungia kamba za pembeni, akavuta kidogo kuona kama zimekaza, akasema, "Bibi, sasa hata ukiteleza, ziwa litakurudisha." Mama akamjibu, "Ahsante baba, lakini sitateleza." Alivaa lile jaketi mpaka tulipofika, na mimi nikalivaa langu ili asijione peke yake.

Kisha lango likapandishwa. Ni chuma kizima kinachoinuliwa kwa minyororo, kinalia kama bati linaloburutwa kwenye saruji, halafu kinatulia kwa kishindo kimoja. Mama alinibana vidole.

Safari yenyewe ni fupi. Chai niliyobaki nayo kwenye chupa ilikuwa bado ya moto tulipofika. Ila ndani ya muda huo mfupi mama hakufunga macho. Ukitoka kidogo, Ukerewe inabaki nyuma kama mstari wa kijani, na upande wa magharibi hakuna kitu, maji tu yamegusana na mbingu. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Huko mbele ni nani anaishi?" Nikamwambia mbali kule kaskazini, ng'ambo ya ziwa, ni Uganda na Kenya. Akanyamaza muda mrefu.

Ukara inakuja kwa mawe kwanza. Kabla hujaona nyumba unaona vichwa vya miamba vimetoka majini, vingine vyeupe juu kwa kinyesi cha ndege, na mnandi wamesimama juu yake wamefungua mabawa kukausha, mmoja mmoja, kama watu wanaoanika mashati. Tulipita karibu na mwamba mmoja nikaona michirizi ya maji juu yake: mstari mweusi chini, wa kijivu katikati, wa rangi ya kutu juu, kila mmoja umeonesha ziwa lilifika wapi wakati gani. Kwenye bapa la jiwe, dagaa wameanikwa wanang'aa. Kule kwetu mawe ni kitu cha kuzunguka ukienda shambani. Huku watu wanayafanyia kazi.

Bwisya tuliteremka taratibu. Nenda makaburini kwanza kabla hujafanya jingine. Waliozikwa pale ni wa ile ajali, wakiwemo ambao hawakutambuliwa. Mama alivua viatu, akasoma Fatiha, akasimama mpaka nikadhani amechoka. Fedha za rambirambi zilizochangwa na wananchi ziliongezea majengo Kituo cha Afya Bwisya, kwa hiyo kama ulituma hata shilingi elfu mwaka ule, imekaa pale.

Lakini kilichomfurahisha mama kuliko yote hakikuwa ziwa. Ni mashamba. Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi sana na udongo wake ni mchanga uliotokana na yale mawe, udongo ambao kwa haki ungekuwa umekwisha zamani. Haujakwisha kwa sababu Wakara tangu enzi za mababu wanafunga ng'ombe ndani, wanawakatia majani, na samadi yote inarudi shambani. Mama aliingia kwenye zizi la mwenyeji mmoja akainama, akachukua samadi kiganjani, akaisugua kwa dole gumba, akainusa. "Hii imeoza vizuri," akasema, na yule mzee akafurahi kama amesifiwa mtoto.

Ili uelewe kwa nini machozi yalimtoka, ni lazima ujue ya Kondoa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kutoka kwenye eneo letu kwa sababu makorongo yalikuwa yanameza mashamba. Mama aliona ng'ombe wa babu wakiondoka wote. Ufugaji wa ndani tulifundishwa baadaye sana, kama kitu kipya. Akawa anamuuliza yule mzee, "Nyie nani aliwafundisha?" Mzee akasema, "Mama, kisiwa hakina pa kuhamia."

Jiwe linalocheza pia tulikwenda kuliona. Wazee wa ukoo ndio wenye nalo, usiende bila wao, na toa heshima yako kwanza. Linatikisika kweli. Mimi nililitazama kwa furaha, mama akasema mambo ya wenyewe tuwaachie wenyewe.

Nauli ya kivuko ilikuwa ndogo kuliko tuliyolipa bajaji. Nenda asubuhi, mchana upepo huamka na ziwa hubadilika. Ulizia ratiba ya kurudi siku hiyo hiyo unapofika, beba fedha taslimu na maji ya kunywa. Kwa mzee, lango lina mteremko, mshike mkono. Mimi nakipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku nikienda Alhamisi ya gulio, watu wamejaa, nikaona bado wanahesabu langoni.

Wakati wa kuondoka yule mzee alimweleza mama kwamba zamani walikuwa wakipanda marejea katikati ya uwele, kisha wanayafukia ardhini yawe mbolea. Dukani kwangu mbegu za marejea zinakaa msimu mzima bila mnunuzi. Tulipofika Dodoma mama hakwenda hata kupumzika nyumbani. Alipita dukani, akapima kilo mbili kwenye mizani yangu, akafunga kwenye pindo la khanga, akaniambia niandike kwenye daftari la madeni.