Jiko la peleti kwa mchoma nyama aliye Marekani: lipi ununue, na likigoma ufanye nini

Ukiingia duka kubwa la vifaa vya nyumbani Marekani mwanzoni mwa kiangazi, majiko ya peleti, yale yanayowaka kwa vipande vidogo vya unga wa mbao, yamepangwa mlangoni, na muuzaji ataanza na habari za simu: jiko hili lina WiFi, unapandisha moto ukiwa sebuleni. Mwache amalize, kisha mwulize mawili tu. Nyama itauona moto? Na majivu yanatolewaje? Majibu ya maswali hayo ndiyo yaliyoupanga mwongozo huu, kwa sababu wengi wetu tunaingia dukani na hamu ya mbuzi, mishkaki na kuku wa mkaa, na mengi ya majiko haya hayachomi, yanabanika: yanaivisha taratibu kwa moshi na hewa ya moto.

Kabla ya pesa kutoka, soma mkataba wa nyumba. Kanuni za zimamoto za miji mingi haziruhusu jiko la moto wazi kwenye baraza za maghorofa ya mbao, na mwenye nyumba ana haki ya kukuambia uliondoe. Jiko hili ni la mtu mwenye uwanja, au angalau mahali pa wazi mbali na ukuta, penye soketi ya umeme.

Umeme, ndiyo. Peleti ni vipande vya unga wa mbao ulioshindiliwa, unene wa milimita 6 hivi, bila gundi ya kuongezwa; lignini, kitu cha asili kilichomo ndani ya mbao yenyewe, ndiyo inayovishika. Zinakaa kwenye tangi pembeni. Skrubu ndefu inayozungushwa na mota inazisukuma kidogo kidogo hadi kwenye chungu kidogo cha moto katikati ya jiko, kijiti cha umeme kinaziwasha, na feni inapuliza. Kidhibiti kinapima joto ndani na kuamua skrubu izunguke mara ngapi. Juu ya chungu kuna bati la kusambaza joto, na juu ya bati kuna trei ya mafuta. Kwa hiyo nyama inaiva kwa hewa ya moto na moshi, kama oveni inayokula kuni.

Hapo ndipo mchoma nyama apaangalie vizuri. Ile harufu ya nyama choma tunayoijua inatoka kwenye mafuta yanayodondokea makaa na kurudi juu kama moshi. Kwenye jiko la peleti la kawaida mafuta yanadondokea trei na kuteremka kwenye ndoo. Utapata kidari cha ng'ombe kilicholainika kwa saa kumi na mbili, utapata mbavu nzuri sana, lakini mishkaki itatoka ya kijivu, imeiva bila kubabuka.

Aliyeyatengeneza majiko haya ni Joe Traeger wa Mt. Angel, Oregon, aliyepata hataza mwaka 1986. Hataza hiyo ilipoisha mwaka 2006 kampuni nyingine zikamiminika, na ndiyo sababu leo uchaguzi unachosha. Haya matano ndiyo ningeyaweka mbele ya ndugu yangu. Bei hupanda na kushuka kwa msimu. Mwishoni mwa kiangazi ndipo maduka hupunguza.

1. Weber Searwood 600

Kwa mtu wa nyama choma hili ndilo la kwanza, na tofauti na mengine si ndogo. Halina bati pana linalouficha moto: joto la moja kwa moja linaifikia nyama, linapanda hadi digrii 600 za Fahrenheit, yaani kama 315 za Selsiasi, na lina hali ya kupikia mfuniko ukiwa wazi. Unaweza kusimama mbele yake ukageuza mishkaki kama ulivyozoea. Kisha unashusha hadi 180 kwa ajili ya kubanika. Majivu na mafuta yanashuka pamoja kwenye droo unayoivuta kwa mbele. Pia kuna kifaa cha kuzungushia nyama kinachouzwa kando, na paja la mbuzi linalozunguka polepole juu ya moto huo ni kitu cha kualika watu.

Jiko la peleti la Weber lililotangulia, SmokeFire la mwaka 2020, lililalamikiwa sana kwa mafuta kushika moto na peleti kukwama tangini. Searwood, lililotoka 2024, lilisanifiwa upya. Lakini jiko lolote ambalo mafuta yanapita karibu na moto linataka usafi usio na uvivu. Ukipika kuku wenye ngozi kwa wingi, vuta droo kila mara. Lilipotoka liliuzwa kama dola 900.

2. recteq Flagship 1100

Hili ni la mtu wa sherehe: arusi, arubaini ya mtoto, harambee ya kanisa au msikiti. Tangi lake linabeba pauni 40 za peleti, karibu kilo 18, na joto halitikisiki usiku kucha. Chuma chake kingi ni cha pua, hakishiki kutu upesi. Ubaya wake ni kwamba linabanika zaidi ya kuchoma, na moshi wake ni mwepesi. Majivu unayatoa kwa kifyonza vumbi, jiko likiwa baridi kabisa.

3. Camp Chef Woodwind Pro

Nimeliweka la tatu, ila kwa anayependa moshi mzito linaweza kuwa la kwanza. Lina kisanduku cha kando ambamo unatia vipande vya kuni au hata mkaa, na moshi wake unaingia ndani pamoja na ule wa peleti. Majivu yanaangukia kikombe chini ya chungu cha moto. Unavuta kishikio, unafungua kikombe, unamwaga. Kila jiko lingekuwa hivyo tungepumzika. Ubavuni unaweza kufunga jiko la gesi la kampuni hiyohiyo, sufuria ya pilau ikachemka pale pale huku nyama ikiendelea.

4. Traeger Pro 22

La zamani, rahisi kulielewa, na vipuri vyake vinapatikana kila mahali. Mwisho wake ni digrii 450 (kama 232 za Selsiasi), na moto haufiki kwenye nyama. Nunua hili kama unataka mbavu na kuku wa kubanika na tayari una jiko la mkaa nyumbani. Watu wengi wanamaliza hivyo: wanabanika kwa peleti, wanababua kwa mkaa, na chakula kinatoka bora kuliko cha jiko moja.

5. Pit Boss

Ndilo la bei nafuu, aghalabu chini ya dola 600, Walmart na Lowe's wanalo. Lina bati la kuteleza: ukilivuta, moto unaonekana kupitia matundu na unaweza kubabua nyama, japo mahali penyewe ni padogo, pa vipande vichache kwa wakati. Bati la mwili ni jembamba, hivyo kwenye baridi ya Minnesota au Maine joto litapanda na kushuka, na peleti zitaliwa kwa wingi.

Nje ya orodha lipo Yoder YS640s, linalotengenezwa Kansas kwa chuma kinene kweli. Ni zito kupita kiasi kwa anayehama nyumba kila mkataba unapoisha, na bei yake inazidi dola 2,000.

Peleti zenyewe

Mfuko wa kawaida ni pauni 20, kilo 9. Kwenye digrii 225 jiko linakula kama pauni moja kwa saa. Kwenye moto mkali pauni mbili hadi tatu. Usitumie kamwe peleti za kupashia nyumba joto. Hizo hazikutengenezwa kwa chakula, na zinaweza kuwa za misonobari yenye ulimbo.

Soma pia mfuko. Ulioandikwa hikori mara nyingi ni mwaloni kwa sehemu kubwa na hikori kidogo. Si vibaya, mwaloni ni mti mzuri kwa mbuzi na ng'ombe, lakini usilipie bei ya hikori tupu. Kuku anapendeza kwa mtofaa au cheri. Kuna pia mesquite, moshi mkali unaopendwa Texas: ni mti wa jamii moja na mathenge wanaoujua watu wa Baringo na Turkana. Kwa nyama ya kuiva haraka ni mzuri sana, kwa saa nyingi unaleta uchungu.

Peleti nzuri inang'aa na ukiivunja inalia "ka!" Iliyonyonya maji inamumunyika vidoleni. Usiitie tangini. Na hili ndilo chanzo cha matatizo mengi kuliko yote.

Likigoma

Peleti zilizolowa zinavimba ndani ya skrubu na kurudi kuwa unga, kisha unga unakauka na kuwa mgumu kama saruji. Mota inanguruma, hakuna kinachoshuka. Hapo chomoa umeme, fungua skrubu uitoe, kwangua. Kazi ya nusu siku. Kuizuia ni rahisi: mvua ikitabiriwa, toa peleti zote tangini uzitie kwenye ndoo yenye mfuniko. Kifuniko cha turubai peke yake hakitoshi.

Feni ikizunguka na peleti zikishuka lakini dakika kumi zinapita bila moshi, kijiti cha kuwashia kimekufa. Dalili nyingine ni soketi ya nje yenye swichi ya usalama kujikata kila unapowasha. Kijiti ni kipuri cha bei ndogo, na kukibadilisha kunahitaji bisibisi na subira. Ukiwa na wageni mezani, vitabu vingi vya maelekezo vinaonyesha namna ya kuwasha kwa mkono: peleti kiasi cha konzi moja chunguni, jeli ya kuwashia moto, kiberiti. Mafuta ya taa na petroli visikaribie hapo hata kidogo.

Joto likishuka mno kwa muda, Traeger itaandika LEr; Pit Boss huandika ErL. Maana yake moto umezimika. Na hapa naomba sana usikilizwe ushauri huu: usibonyeze kuwasha tena papo hapo. Skrubu iliendelea kumimina peleti wakati moto umekufa, na chungu kimejaa pomoni. Zikianza kufuka zote kwa pamoja, moshi mweupe mzito unajaa ndani, na mtu akifungua mfuniko hewa inaingia na moto unamlipukia usoni. Chomoa umeme, acha lipoe, toa wavu, trei na bati, safisha chungu, ndipo uanze upya. Ukikuta moshi mweupe mzito hautulii, zima na ukae mbali. Moshi unaoutaka ni mwembamba, wa samawati, unaoonekana kwa shida.

Kinachozimisha moto mara nyingi ni majivu. Yakijaa chunguni feni haipumui. Safisha kila baada ya mifuko miwili, na kabla ya upishi wowote wa usiku kucha. Wakati mwingine peleti zinasimama ukutani mwa tangi na kuacha shimo katikati, skrubu ikazunguka bure; zivuruge kwa fimbo fupi kila baada ya saa chache.

Ukimaliza kupika, usichomoe waya. Bonyeza kuzima na uache feni iendelee hadi ijizime yenyewe. Inaunguza peleti zilizobaki chunguni ili moto usirudi nyuma kupitia skrubu hadi tangini.

Likiandika HEr au ErH, joto limepita kiasi, na karibu kila mara ni mafuta yaliyoshika moto kwenye trei. Funga mfuniko, zima, usimwage maji.

Mbuzi na kuku

Mbuzi hana mafuta mengi. Ukimweka digrii 225 wazi siku nzima atakauka. Mpe moshi saa mbili hivi kwenye 250, mfunge kwenye foili pamoja na vitunguu, chumvi na maji kidogo ya ndimu hadi alainike, kisha mfungue na umbabue kwa moto mkali dakika chache mwishoni. Kuku mpandishe moja kwa moja 375 au zaidi, la sivyo ngozi yake itakuwa kama mpira. Ndani afike digrii 165, yaani 74 za Selsiasi, na upime pajani karibu na mfupa.

Ukitaka kulisafirisha nyumbani

Wengi hutia jiko kwenye kontena la Mombasa au Dar es Salaam. Majiko haya yametengenezwa kwa volti 120 na mzunguko wa hezi 60, na umeme wetu ni wa volti 230 hadi 240 na hezi 50. Ukilichomeka bila transfoma utaunguza kidhibiti na kijiti. Transfoma nayo inashusha volti tu, haigusi hezi, hivyo mota ya skrubu ya aina ya zamani itazunguka polepole kwa karibu moja ya sita na joto halitafika linapotakiwa. Majiko yenye mota za DC (umeme wa mkondo mmoja) hayana shida hiyo. Uliza dukani mota ni ya aina gani kabla ya kununua la kusafirisha. Na peleti za safari zitoe kwenye mifuko ya karatasi, uzipakie kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko wa kubana, maana unyevu wa pwani unazirudisha kuwa unga hata bila tone la mvua.