Baiskeli ya kwanza ya mtu mzima: shika pedali kabla ya kutoa pesa

Dada mmoja wa Nyalenda, hapa Kisumu, msomaji wangu wa siku nyingi, alinitumia picha ya pedali ya kushoto ikiwa imelala kiganjani mwake. Baiskeli ni mpya kabisa, fremu bado ina nailoni ya kiwandani. Pedali ilichomoka akiwa njiani kwenda kazini, mguu ukakosa pa kukanyaga, akaangukia ukingo wa mtaro. Ukiikuza ile picha unaona meno ya skrubu yamelika upande mmoja, na ndani ya tundu la kranki, ule mkono wa chuma unaobeba pedali, kumejaa vumbi la chuma linalong'aa. Alirudi dukani akaambiwa waranti ni ya fremu peke yake. Tangu nisimulie habari yake, malalamiko hayajakoma: Kondele, Bungoma, Nakuru. Yote ni ya pedali, na karibu yote ni ya kushoto.

Kwa hiyo leo sina la kusema kuhusu rangi, wala idadi ya gia. Kuhusu kimo nitasema neno moja tu: anayeanza kujifunza ukubwani ashushe kiti mpaka nyayo zote mbili ziguse chini, halafu akipandishe kidogokidogo kadiri anavyozoea. Baada ya hapo, macho yote yaende kwenye pedali.

Pedali ya kulia hukazwa kwa kuzungushwa kufuata mwendo wa saa. Ya kushoto hukazwa kinyume chake, na imetengenezwa hivyo makusudi ili isilegee unapoendesha. Zote mbili hukazwa kwa kuzungusha ekseli yake, yaani kile chuma cha pedali kinachoingia kwenye kranki, kuelekea gurudumu la mbele, na kwa kawaida ekseli huwa na herufi: L ya kushoto, R ya kulia. Sasa, baiskeli nyingi mpya hufika dukani ndani ya katoni, pedali zikiwa kando kwenye mfuko. Anayeziunga mara nyingi ni kijana wa kibarua, hajapewa spana namba 15, ana koleo tu. Akizibadilisha pande, au akiianza ikiwa imeinama, hukaza kwa nguvu mpaka chuma kikubali. Kwa macho utaona imekaa sawa. Kumbe meno yameshakatika ndani, na uzito wako kila unapokanyaga unamalizia kazi. Tundu la kranki likishalika, pedali mpya haisaidii. Unanunua kranki nzima, au unampelekea fundi wa kuchomelea, na iliyochomelewa hutaifungua tena.

Ukifika dukani, chuchumaa. Shika pedali kwa vidole uitikise kwenda ndani na nje: isicheze hata kidogo. Shika na kranki yenyewe uitikise vilevile. Kisha simama nyuma ya baiskeli, gurudumu likiwa limeinuliwa, mtu azungushe taratibu. Pedali iliyoingia vizuri hukaa sambamba na ardhi. Iliyoingia vibaya huinama, na unaiona ikiyumba kila mzunguko. Halafu omba jambo ambalo wauzaji hawalipendi: zifunguliwe zote mbili mbele yako, zipakwe grisi, zirudishwe zikianzwa kwa vidole. Pedali nzima huingia kwa vidole mizunguko kadhaa kabla ya kuhitaji spana. Ikigoma mapema, hapo pana tatizo, na unalijua kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Tena usinunue pedali ya akiba kwa kukadiria. Kranki nyingi zina tundu la inchi 9/16, lakini zile za kipande kimoja, ambazo mikono yote miwili ni chuma kimoja kilichopinda, zina tundu la nusu inchi. Ya nusu inchi haishiki kwenye tundu kubwa. Nenda na ile ya zamani mkononi.

Kwa mpangilio wangu wa baiskeli za kuanzia, ya kwanza ni Buffalo, na sifichi kwamba naipenda. Ni baiskeli ya shirika la World Bicycle Relief, lililoanza mwaka 2005 baada ya tsunami ya Bahari ya Hindi, na hapa Kenya huunganishwa hapahapa Kisumu. Kwa mtu anayehofia pedali, hilo lina uzito mkubwa, maana anayeunga baiskeli ndiyo kazi yake ya kila siku, na shirika hilo pia hufundisha mafundi wa mashinani. Ni nzito, haina mbwembwe. Keria yake imejengwa kubeba kilo 100, magurudumu ni ya inchi 26, spoki ni nene. Buffalo ya kawaida ina gia moja, na breki ya nyuma unaishika kwa kukanyaga pedali kinyumenyume. Breki hiyo imefichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa hiyo mvua ya alasiri inayotoka upande wa ziwa haiipati. Anayejifunza akishtuka, miguu yake tayari iko mahali pa breki. Ila cheni ikitoka, breki hiyo inaondoka nayo. Kagua cheni kila wiki, isilegee.

Bei yake inapita ya mamba, ile baiskeli nyeusi ya siku zote, na najua wengi hapo ndipo wanapogeuka. Mimi ningekusanya kidogokidogo kwenye chama kuliko kununua kitu cha kunitupa mtaroni.

Ya pili ni ya mtumba yenye gia, kutoka Ulaya au Japani, na kwa mtu wa Nakuru ningeiweka ya kwanza. Nakuru si Kisumu. Mjini kwetu, kutoka Dunga mpaka katikati ya jiji, gia moja inatosha kabisa, na njia za baiskeli na waenda kwa miguu zilizojengwa katikati ya jiji zinampa mgeni wa baiskeli pa kujifunzia. Lakini ukikaa Nakuru upande wa Milimani, panapoinuka kuelekea Menengai, gia moja itakushusha usukume. Hali ni hiyohiyo kwa watu wa Maragoli, na kwa yeyote anayepanda Riat kutoka Mamboleo. Uzuri wa mtumba ni kwamba imeshaendeshwa: pedali iliyofungwa vibaya huko ilikotoka ingekuwa imeshajitoa. Ubaya ni kwamba nyingi husafirishwa pedali zikiwa zimefunguliwa ili zipangike vizuri kwenye kontena, halafu zinarudishwa hapa kwa koleo lilelile. Kagua kama nilivyosema. Geuza pia matairi utazame pembeni, maana mpira uliokaa ghalani miaka hupasuka nyufa hata kama meno yake bado ni marefu.

Ya tatu ni mamba, ile nyeusi ya gurudumu la inchi 28: Hero, Avon, Atlas na ndugu zao. Imebeba maziwa, mkaa na watu kutoka Busia hadi Mumias, na hakuna soko lisilo na fundi wake. Kwa anayeanza ni ndefu na nzito. Breki zake za fimbo hubana rimu ya chuma, na rimu hiyo ikilowa, unabana na bado unaenda. Kranki zake hushikwa na pini inayopigwa nyundo. Ukisikia “tok” kila mzunguko, au ukiona mikono miwili ya kranki hailali kwenye mstari mmoja, pini imelika. Pini yenyewe ni ya bei ndogo; ibadilishwe siku hiyohiyo kabla haijala na ekseli.

Ya mwisho ni zile mpya zinazong'aa, zenye shokomzoba mbele na nyuma, zikiuzwa kwa bei ya kutupa. Ndizo zilizonijazia simu malalamiko. Pita.

Kuna jambo la wauzaji linaloniuma, nami nalisema waziwazi. Duka moja mjini lilimtajia mdogo wangu wa kike bei, na siku hiyohiyo likamtajia binamu yetu wa kiume bei ya chini zaidi kwa baiskeli ileile, iliyosimama palepale. Wengine wanakataa usijaribu kuendesha hata hatua kumi mpaka ulipe. Wanaandika “gia 21” kwa herufi kubwa, ukiwauliza nani aliyeunga pedali wanakutazama kana kwamba umewatukana. Pampu, kufuli, kengele na keria, vyote vinauzwa kando, ukishalipa ndipo unaambiwa. Ulizia bei yake ikiwa na vyote hivyo, na uombe pampu ijaribiwe kwenye vali za baiskeli yako, kwa sababu vali ya mamba si sawa na ya hizi za gia. Risiti iandikwe namba ya fremu, iliyogongwa chini ya kranki au kwenye bomba la kiti, pamoja na maneno haya: “pedali na kranki zimekaguliwa”. Muuzaji akikataa kuandika, nenda duka la pili.