Nililipia dakika nne za Bibi Xook, kesho yake nikamwona bure: uzoefu wangu

Neno lenta nalijua kwa uchungu, maana nyumba yangu ya Kibaha imesimama usawa wa lenta mwaka wa tatu huu. Kwa hiyo nilipofika London nikasikia kuna lenta za mawe, yale ya juu ya mlango, zilizochongwa picha ya Bibi Xook, malkia wa Wamaya, watu wa kale wa Mexico na Amerika ya Kati, nikaona hizo sizikosi. Nikalipia mtandaoni ziara ya saa mbili ya kuongozwa ndani ya makumbusho ya British Museum, kwa kampuni ambayo jina lake naliacha.

Tulikuwa kumi na tisa, na mwongozaji anatembea kama anawahi daladala ya mwisho. Chumba cha 27, cha Mexico, tulikaa dakika nne. Akasema huyu ni malkia, anajitoa damu, Wamaya walikuwa wakatili, haya twende kwa Wamisri. Naipa ziara ile nyota mbili, na moja kati ya hizo ni kwa kutuonyesha vyoo viliko.

Kesho yake nikarudi peke yangu. Kuingia hulipi. Nilisimama mbele ya mawe mawili zaidi ya saa nzima.

Lenta namba 24: Bibi K'abal Xook amepiga magoti, amevaa vazi lenye mapambo mazuri mno (fundi alichonga hadi urembo wa kitambaa), na anavuta kamba yenye miiba kupitia kwenye ulimi wake. Magotini pana kikapu chenye karatasi za kupokea damu. Mumewe, mfalme Itzamnaaj Bahlam III aliyetawala Yaxchilán, mji wa Wamaya ulioko Mexico, kuanzia 681 hadi 742, amesimama ameshika mwenge mkubwa. Tarehe iliyochongwa inaangukia mwaka 709.

Nilimpigia mama kwa video nikamwonyesha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, huyo mama anakula kamba?" Nikamweleza kuwa ni ibada, damu ya watu wa ukoo wa kifalme ilikuwa sadaka yao kwa miungu na wahenga. "Na huyo mwanamume yeye kazi yake kushika taa tu?"

Swali hilo lina uzito kuliko dakika zangu nne zote za kulipia. Bibi Xook hakuwa mtawala, alikuwa mke wa mtawala. Lakini kwenye jiwe kazi nzito anaifanya yeye. Hamia lenta namba 25, hapo mume hayupo kabisa. Yuko Bibi Xook, bakuli mkononi, ametazama juu, na mbele yake limeinuka joka kubwa la maono ambalo kinywani mwake anatokeza shujaa mwenye mkuki. Tarehe yake ni ya 681, mwaka mumewe alipotawazwa. Maandishi yake mengi yamechongwa kinyume, kama unavyoyaona kwenye kioo. Jengo lenyewe lenta hizi zilikotoka, ambalo wanaakiolojia wanaliita namba 23, maandishi yake yanalitaja kuwa nyumba ya Bibi Xook. Lilikuwa na milango mitatu mbele, na yeye yumo juu ya kila mmoja. Lenta ya tatu, namba 26, iko Mexico City, kwa hiyo London hutaipata.

Bibi Xook alifariki mwaka 749, miaka saba baada ya mumewe. Kiti cha ufalme hakikwenda kwa mtoto wake. Mwaka 752 kilikaliwa na Yaxuun Bahlam IV, mtoto wa mke mwingine wa mfalme, mke aliyetoka Calakmul, mji mwingine wa Wamaya. Sasa geuka uangalie lenta namba 15 na 17, zimo chumba hichohicho. Ni za mfalme huyo mpya, na humo wake zake wanafanya yaleyale: mmoja anavuta kamba ulimini, mwingine anatokewa na joka. Mtoto wa mke mwenza alipotaka kuonekana mfalme halali, aliiga lenta za Bibi Xook. Kampuni yangu ilitupitisha mbele ya mawe hayo bila neno.

Mtafiti Muingereza Alfred Maudslay alifika Yaxchilán, kando ya mto Usumacinta, mwaka 1882, na jiwe la 24 likapunguzwa unene ili libebeke hadi London. Hilo lilinikaa vibaya, nikikumbuka vya kwetu vilivyoko Ulaya.

Chumba nakipa nyota tano. Shuka kituo cha Holborn au Tottenham Court Road, tembea kidogo, na usilipie mtu yeyote akuongoze. Jambo moja ukiwa pale: mawe yamesimamishwa ukutani, lakini michoro ile ilikuwa upande wa chini wa lenta, inatazama sakafu. Piga picha, kisha shika simu juu ya kichwa na uinue shingo. Bibi Xook utamwona kama alivyoonwa na aliyekuwa anaingia mlangoni kwake.