Huduma ya kupima metali nzito: tope wanaliweza, maji chumvi bado

Nilipeleka sampuli za maji na mashapo (tope linalotuama chini ya maji) ya mlango wa mto Msimbazi kwenye maabara moja binafsi ya hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa kasoro nitakazozieleza nimeziona katika maabara nyingine pia. Nilizichota maji yalipokuwa yamekupwa, juu kidogo ya Daraja la Selander, nikitaka kujua hali ya risasi, kadimiamu, zebaki na aseniki.

Kwa upande wa mashapo, huduma yao inastahili sifa. Kabla hata sijaenda mtoni walinipa vijiko vya plastiki na chupa zilizolowekwa kwenye asidi, wakanionya nisitumie chepe la chuma. Tope walilikausha kwa joto dogo, kwa sababu joto kali hupoteza zebaki, kisha wakalichekecha ili wapime chembe zisizozidi mikromita 63. Hatua hii ndiyo roho ya kazi yenyewe: maji ya mto yanapokutana na chumvi ya bahari, chembe laini hugandamana na kuzama zikiwa zimebeba metali, kwa hiyo anayepima tope na mchanga wake wote huishia kupima mchanga. Ripoti ilionyesha pia matokeo ya sampuli tupu, isiyo na metali, na ya sampuli rejea, ambayo kiasi chake cha metali kinajulikana tayari, jambo ambalo wengi hulificha au hawalifanyi kabisa. Risasi waliilinganisha na viwango vya Kanada vya mashapo ya bahari, yaani miligramu 30.2 kwa kilo, ambapo chini yake madhara ni nadra, na 112, ambapo juu yake madhara hutarajiwa mara nyingi. Viwango hivyo havikutungwa kwa kuwaangalia kaa wa mikoko yetu, lakini angalau vinahusu tope.

Kwenye maji ndipo waliponiangusha. Walitia asidi ya nitriki kabla ya kuchuja, na asidi hiyo huzing'oa metali zilizoshikamana na chembe, zikahesabiwa kana kwamba zilikuwa zimeyeyuka majini tangu mwanzo. Kisha sampuli yenye chumvi wakaiingiza kwenye mashine ya plazima, inayotambua metali kwa uzito wa atomu zake, kama maji ya kisima. Kloridi ya maji ya bahari huungana na agoni, gesi inayotumika ndani ya mashine, na kutoa chembe yenye uzito wa 75, ambao ndio uzito wa aseniki, hivyo chumvi huweza kusomeka kama sumu. Zaidi ya hayo, risasi ya majini ililinganishwa na mikrogramu 10 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa. Ni nani anayekunywa maji ya Selander?

Nilipouliza, mtaalamu wao alinisikiliza kwa uungwana na kukiri kuwa hawana utaratibu wa kuondoa chumvi, ila akasema kurudia kipimo ni kwa malipo mapya. Ripoti nayo, iliyoahidiwa kwa wiki mbili, ilitoka baada ya tano.

Tope nitawapelekea tena bila wasiwasi. Anayetaka kupima maji ya mlango wa mto ayachuje mwenyewe palepale ukingoni, kwa kichujio cha mikromita 0.45, na aulize kabla ya kulipa kama wana namna ya kuitenga chumvi. Wakibabaika, fedha hiyo aiongezee kwenye sampuli za tope.